Betri ya vifaa vya boti: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boti nyingi ndogo hutembea na betri moja inayobebeshwa kila kazi: kupiga stata, kuwasha GPS, kipima kina, redio ya VHF na taa. Stata inapovuta, volti zinaweza kushuka chini ya 10 kwa sekunde chache, skrini ikazima na kuanza upya. Hilo ni usumbufu tu. Hatari yenyewe ni pale unapotia nanga, vifaa vinaendelea kunywa umeme, na saa ya kuondoka mashine haiwaki. Kwa hiyo tunasisitiza kabla ya jambo lolote: vifaa viwe na betri yao, stata iwe na yake, na umeme wa moja usiweze kunyonywa na nyingine.

Piga hesabu kwanza

Andika kila kifaa, ampea zake, na muda kinaowaka. Skrini ya GPS yenye kipima kina ikitumia ampea 1.5 kwa muda wa saa 8, hiyo ni 12 Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Redio ya VHF ikisikiliza tu hula kama ampea 0.4, yaani 3.2 Ah kwa muda huohuo. Ikirusha kwa wati 25 hupanda hadi ampea 5 au 6, kwa hiyo jumla ya dakika 20 za kuzungumza ni 2 Ah nyingine. Taa za LED za ampea 0.5 kwa saa 4 ni 2 Ah. Jumla inafika 19. Ongeza robo yake kwa ajili ya dharura: 24 Ah.

Betri ya risasi, iwe ya maji, AGM au jeli, isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo hapo unahitaji ya 50 Ah. Ya lithiamu inaruhusu asilimia 80, hivyo ya 30 Ah inatosha.

Baada ya hapo tazama itachajiwa na nini. Wanunuzi wengi huanza na betri, kisha wakagundua chaja waliyo nayo haiifai. Mashine nyingine ndogo za kupachika nyuma hazina kidhibiti cha volti. Zikienda kasi hupandisha volti kupita 15, na betri iliyofungwa hukauka ndani bila dalili yoyote nje.

Nafasi ya kwanza: AGM ya matumizi ya muda mrefu

Kwa boti yenye mashine inayochaji kwa kidhibiti, hii ndiyo tunayoipendekeza. Asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo, haimwagiki boti ikilala upande, haiongezwi maji, na inavumilia mtikisiko wa mawimbi. Inachajiwa kwa volti 14.4 hadi 14.7, kisha inashikiliwa kwenye 13.5 hivi. Ubaya wake ni uzito: ya 50 Ah hukaribia kilo 15.

Soma lebo vizuri. Betri ikitangaza CCA pekee (ampea za kuwashia mashine kwenye baridi) bila Ah, hiyo ni ya stata. Ikiwa na Ah na imeandikwa "deep cycle", yaani inavumilia kutumiwa sana kabla ya kuchajiwa tena, ndiyo yako. Ipime hapohapo dukani: betri ya risasi iliyo chini ya volti 12.5 imekaa sana bila chaji, irudishe.

Nafasi ya pili: lithiamu ya LiFePO4

Kwa mtumbwi, kayaki au boti isiyo na mashine ya kuchaji, ipandishe iwe ya kwanza. Ya 30 Ah ina kilo 4 hivi, volti zake hubaki juu ya 13 karibu muda wote wa matumizi, na inastahimili maelfu ya mizunguko ya kuchaji, wakati ya risasi huhesabiwa kwa mamia.

Tatizo ni kuiunganisha moja kwa moja na alteneta. Lithiamu huvuta umeme mwingi bila kupungua, alteneta ikachemka. Mbaya zaidi, saketi yake ya ulinzi ikikata ghafla wakati mashine inazunguka, volti huruka na kuunguza diodi za alteneta. Weka katikati chaja ya DC kwenda DC, yaani inayopokea umeme wa alteneta na kuupeleka kwenye betri kwa kipimo. Pia usiichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, wala usiikadirie kwa volti, maana hazishuki hadi iwe karibu kuisha. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Nafasi ya tatu: betri ya maji

Ni ya bei nafuu na inavumilia chaji isiyo na adabu kuliko nyingine zote. Lakini hutoa haidrojeni inapochajiwa, hivyo inataka boksi lenye hewa, na maji ya bahari yakiingia kwenye asidi yake hutoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Kwa boti iliyo wazi, sawa. Chini ya sitaha, hapana.

Nafasi ya nne: jeli

Ni nzuri, ila volti zikizidi kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni 14.1 hadi 14.4, viputo hubaki ndani ya jeli moja kwa moja na uwezo haurudi.

Betri ya gari iache. Plati zake nyembamba zimetengenezwa kwa mshtuko wa sekunde chache, na kuimaliza kila siku huiua mapema.

Kufunga

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kichwa cha chanya. Waya ukigusana kabla ya fyuzi hakuna kitakachozuia moto. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, kwani shaba tupu huota kutu ya kijani hadi ndani ya ganda. Kwa redio ya ampea 6 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 10: waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 0.42, wa 4 hupoteza 0.26. Chukua wa 4. Kipima kina kipewe waya wake, kisichangie na pampu, la sivyo kelele ya umeme itajaza skrini.

Kutunza

Betri ya risasi ichajiwe siku hiyohiyo uliyorudi. Ikikaa nusu, salfeti hugandamana kwenye plati na kuwa ngumu, na chaji haiingii tena. Ikiwa imepumzika saa kadhaa, volti 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha. Ukiiweka bila kuitumia, ijaze kila mwezi. Lithiamu hifadhi ikiwa nusu.

Betri ya maji huongezwa maji ya betri, si asidi, baada ya kuchaji. Kabla ya kuchaji ongeza tu kama plati zimeachwa wazi. Pima seli zote kwa hidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji: seli ikitofautiana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri imefikia mwisho. Unga mweupe kwenye vichwa uoshe kwa magadi soda yaliyoyeyushwa majini, vifuniko vikiwa vimefungwa, kaza, kisha ndipo upake grisi.

Mara moja kwa mwaka ipime uwezo. Ijaze AGM ya 50 Ah, iwashie taa ya wati 30, na uangalie muda hadi ifike volti 10.5. Mpya hukaribia saa 20. Ikiishia 16 panga kununua nyingine. Ikiishia 12, usitoke nayo usiku. Ukimaliza kipimo, irudishe kwenye chaja papo hapo.