TAHADHARI WALIMU WENZANGU: yule "Ustadh" wa vyuo pale Mwanakwerekwe ni mwizi

Jamaani someni hii na mumtumie kila mnaemjua anajitolea skuli na hana cheti cha ualimu. Kuna mtu anajiita wakala wa vyuo, sote tukimwita Ustadh, ofisi yake ilikuwa ghorofani karibu na soko la Mwanakwerekwe, anaandikisha watu PGDE, ile stashahada ya uzamili ya ualimu kwa siye wenye digrii zisokuwa za elimu. Ni mwizi. Si wakala, si ustadh, si chochote. Kala pesa ya fomu, kala ada, kala mpaka pesa ya joho. Ya joho! Wanaonijua wanajua pesa zile zimetoka wapi, karafuu za mama msimu ule, na sirudii maana nikirudia ntalia tena na leo sitaki kulia, leo nataka apatikane.

Na kabla hamjaanza "msomi mzima na digrii yako unaibiwaje", nisikilizeni kwanza, maana mngelikuwa nyie mngelitoa na hereni.

Mie nafundisha Fizikia na Hesabu, skuli mnaijua na posho yake mnaijua. Mwalimu mkuu alishanambia zamani, mwanangu ajira zikitangazwa watataka digrii ya elimu au digrii yako hiyo pamoja na PGDE, sayansi tupu haitokusaidia hata ukiwa unafundisha vizuri namna gani. Na ni kweli, matangazo tunayaona wenyewe. Basi mwenzangu wa staff, sitomtaja kwa sababu na yeye kaliwa, akanambia yupo mtu, ni wa kwetu Wete, kazaliwa ukoo unaojulikana, anashughulikia kila kitu, wewe unapeleka vyeti tu.

Nkavuka na boti mpaka Unguja nkenda. Unapanda ngazi, unavua viatu mlangoni, feni inazunguka, ukutani kalenda za vyuo na bango la TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kijana wa kike anakuletea maji ya baridi. Ustadh kavaa kanzu nyeupe inang'ara na kofia ya vito, miwani, laptop mbele yake, printa pembeni. Kabla yangu alikuwepo kijana na baba yake, wametoka Makunduchi, kijana ana diploma anataka PGDE. Wallahi nlimuona kwa macho yangu akiwakatalia. Akawambia mzee wangu PGDE mpaka uwe na digrii kwanza, hii diploma yake iko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, level 6, mambo ya vyuo vikuu ni ya TCU, huyu akasome digrii kwanza kisha ndo arudi kwangu, pesa yako weka. Mzee alishashika bahasha mkononi! Akairejesha mfukoni, wakashukuru, wakatoka. Sasa nambieni, tapeli gani anakataa pesa? Leo ndo najiuliza kama mzee yule alitoka Makunduchi kweli au alitoka nyumba ya pili.

Zamu yangu ikafika. Akaniita "mwalimu wangu" toka nakaa. Vyeti akavitazama kimoja kimoja, form four, form six, transkripti, cheti cha kuzaliwa, ZanID, akanisahihisha mpaka jina langu la kati lilivyoandikwa tofauti kwenye cheti kimoja, akasema hili litakusumbua mbele, tulitengeneze kwa kiapo. Mtu anajua! Akanitajia na masomo ntayosoma, saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia, na kweli ndo masomo yenyewe ya PGDE kokote uendako. Chuo alichokitaja ni chuo cha kweli huko bara, kina heshima zake, na mie silitaji jina lake maana wenyewe hawana kosa, wameibiwa jina kama nlivyoibiwa mie pesa.

Halafu ndo akanimaliza. Akachukua simu akapiga, akaweka spika, akasema hebu tumuulize msajili kama nafasi zipo. Akapokea mwanamke, sauti ya kiofisi, nyuma unasikia watu na simu nyengine inalia. Ustadh akasema dada ninae mwombaji hapa, mtazame. Yule mwanamke akauliza namba ya mtihani, Ustadh akamsomea, kimya kidogo, kisha yule mwanamke akaanza kusoma: division yangu ya form four, B ya Fizikia, C ya Baiolojia, na ya form six yote, herufi kwa herufi. Mwili ulinisisimka. Nkasema hawa wananijua, nimo kwenye sistimu tayari. Akamalizia "ana sifa, alipie leo kabla dirisha halijafungwa".

Ustadh akanambia control number ya chuo mtandao umekwama toka asubuhi, ukisubiri kesho nafasi inaweza kwenda, basi tuma kwenye namba hii ya mhasibu, jioni mie mwenyewe ntakulipia kwa control number na risiti ntakupa. Nkaingiza namba, likaja jina la mwanamke. Nkauliza. Akacheka kidogo, "ndo mhasibu huyo mwalimu wangu, ulitaka awe mwanamme?" Mimi nkaona haya kuwa nimeuliza. Nkabonyeza.

Na hapo ikaadhiniwa adhuhuri. Akafunga laptop, akaiwacha mezani pamoja na simu yake, akanambia nilindie, akenda zake msikitini. Kaniwachia laptop! Nlikaa pale naona aibu kwa kuwa na shaka hata kidogo.

Baada ya hapo ikaja barua ya kukubaliwa, muhuri wa buluu, sahihi ya msajili, namba ya mwanafunzi. Mama aliifunga kwenye mfuko wa plastiki akaiweka kwenye kasha pamoja na hati ya shamba. Majirani wote wakajua. Tukatiwa kwenye grupu la WhatsApp, PDF zinakuja, tunasoma, tunafanya kazi, tukafanya na mtihani kwenye fomu ya mtandaoni, matokeo yakaja nkapata B+. Nlikesha kwa B+ ile, nyie! PDF zenyewe kurasa za mbele zimekatwa zote, hujui nani kaandika, nkadhani ndo utaratibu wa masomo ya masafa.

Ilipofika TP, yaani mazoezi ya kufundisha, akasema kwa vile nyie mnafundisha tayari chuo kitakusameheni, mlipe 150,000 ya msamaha wa TP na barua itatoka. Nkalipa. Kisha ndo pesa ya joho, na saizi akatuuliza kabisa, urefu wa mabega, kwa sentimita.

Binamu yangu yuko Dar, nkamwambia pita chuoni unitazamie tarehe ya mahafali na hoteli za karibu, maana mama alitaka aje. Akapita na barua yangu kwenye simu. Dada wa udahili akaitazama, akamuita mwenzake, wakatazamana. Namba ya mwanafunzi haiko hivyo kwao, haina hata tarakimu zinazofanana. Na msajili alietia sahihi kashastaafu kabla mie sijaomba. Binamu akanipigia nikiwa darasani, form three, nimeshika chaki. Sitoelezea.

Nlimpigia Ustadh, akasema "vuta subira mwalimu, sistimu inahamishwa". Nkampigia tena, haipokelewi. Nkenda, mlango una kufuli, wa duka la chini kasema hata kodi kahama nayo. Sasa hivi pale juu wanauza madera.

Mie sitaki arudishe pesa tu. Nataka apandishwe mahakamani watu wamuone, na kanzu yake hiyo hiyo, kisha apelekwe jela, Chuo cha Mafunzo Kilimani, huko udahili hauna ada wala haufungwi dirisha, akasome miaka. Na yule "msajili" wa kwenye spika nae apelekwe. Na kijana wa maji ya baridi nae aulizwe, maana alikuwa anajua. Kuna watu wanaiba kuku wanakamatwa siku hiyo hiyo, huyu kaiba ada za walimu, watu wanaolipwa posho ya nauli, na anatembea. Laana ya mama yangu imfikie kabla ya polisi.

Mnaniuliza inbox dalili ni zipi. Dalili sasa hivi naziona zote, wakati ule hazikuwa na rangi. Matokeo yako ya form four na form six, NECTA wanayaweka wazi mtandaoni, alie na namba yako ya mtihani anaingia anasoma, yule mwanamke hakuwa na sistimu yoyote, alikuwa na simu kama yangu na yako. Pesa ya chuo inakwenda kwa control number, na ukiiingiza linakuja jina la chuo kabla hujatia PIN, likija jina la mtu binafsi funga simu ondoka, hata kama ni mhasibu, hata kama ni mtume. TCU walishaacha zamani kupokea maombi, toka 2017 unaomba chuoni mwenyewe moja kwa moja, kwa hivyo huyo wakala wa katikati wa kazi gani? Chuo Kikuu Huria wana PGDE na wana vituo Unguja na Pemba, unakwenda kwa miguu yako unauliza dirishani.

Na TP! Walimu mnajua wenyewe, TP ndo ualimu wenyewe, anakuja mkufunzi wa chuo anakaa nyuma ya darasa na daftari lake, anataka azimio la kazi, anataka andalio la somo, anakutazama ubao unaufuta vipi, anakupa maksi. Hakuna kuinunua kwa 150,000. Hili peke yake lilitosha, lakini mtu kashakupa B+ unamsikiliza.

Halafu nasikia kuna mwengine kaanza Chake, maeneo ya Machomanne, anaandikisha PGDE na diploma za sekondari, masharti hayo hayo, spika hiyo hiyo. Sijui kama ni yeye. Mlioko Pemba mpiteni mtazame, mnene kidogo, kofia ya vito, anakohoa kabla ya kusema, atakwita mwalimu wangu.

Grupu letu lile kalifuta lakini namba zenu ninazo. Nyote mliolipa msifute meseji za muamala wala sauti zake za WhatsApp, barua pia msizichane kwa hasira, ndo ushahidi. Jumatatu asubuhi nakwenda polisi Madema kuripoti, nataka tufike wengi. Mlioko Pemba na hamuwezi kuvuka, karipotini kituo cha hukohuko kisha mnitumie namba ya ripoti.