Kuvalisha sebule mbao huku kwenye baridi: anza na ipi?

Aliyewahi kuamka Uyole, Mbeya, mwezi wa saba anajua ukuta wa tofali za kuchoma unavyopitisha baridi mpaka kwenye kochi. Mbao zinasaidia, tena zinapendeza. Ila nimeona nyingi zimepinda kabla hata ya Krismasi, kwa hiyo mimi naangalia ukavu kwanza, bei baadaye.

Namba moja ni paini ya Mafinga, iliyopigwa randa na kuchongwa ulimi na mfereji ili zichomekane. Muuzaji akikuambia "hizi kavu", nyanyua moja: mbichi ni nzito na ina ubaridi ukiigusisha shavuni. Ukishanunua, zipange ndani ya sebule hiyohiyo wiki tatu, na vijiti katikati hewa ipite. Zikinywea sakafuni ni heri kuliko kunywea ukutani na kukuachia nyufa. Hesabu yake: inchi moja kwa sita ikishapigwa randa inafunika kama sentimita 13. Ukuta wa mita 4, ukivalishwa nusu, yaani mita 1.2 kwenda juu, unataka vipande 31. Mbao ya futi 12 inatoa vitatu. Chukua mbao 12, moja ni ya makosa ya fundi. Zile za kijani zilizotiwa dawa waachie wa paa. Nyingi zina aseniki, ambayo ni sumu, na mabaki yake usiyatie jikoni hata kuwashia moto.

Mianzi naiweka ya pili, na moyoni pengine ni ya kwanza. Nyumba za zamani za Wanyakyusa kule Rungwe zilikuwa za mianzi, na Iringa mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hauhitaji kutafutwa mbali. Iliyopasuliwa na kusukwa inampa mgeni cha kutazama. Adui ni dumuzi, mdudu anayetoboa, anafuata wanga. Ukiona unga umedondoka chini, umechelewa. Dai iliyolowekwa kwenye maji ya boraksi, dawa ya kuzuia wadudu.

Mninga? Mzuri mno, ila kwa bei yake ningetengeneza mlango.

PVC, zile bao za plastiki, inafaa bafuni. Isogee mbali na jiko la mkaa, inapinda kwa joto.

MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ndiyo ya mwisho, hasa kwenye ukuta wa nje. Yangu ilivimba chini ya dirisha mvua za Januari, nikaibandua kwa mikono, haikuhitaji hata nyundo.