Chokaa au saruji kwenye udongo wa mbuga?

Pita Bahi, Dodoma, mwezi wa Septemba: ardhi ya mbuga, ule mfinyanzi mweusi, imepasuka hadi kiganja kinaingia kwenye ufa. Rudi Januari, udongo uleule umevimba na unang'ang'ania buti. Barabara ikijengwa juu yake bila tiba, lami hupanda na kushuka kama godoro bovu.

Kwa udongo huo mimi huanza kwa kuuchanganya na chokaa iliyozimwa, yaani iliyomwagiwa maji ikawa unga. Kalisiamu yake huubadilisha mfinyanzi wenyewe: unaacha kunata, unameguka chengachenga, na kuvimba kunapungua. Tena haina haraka. Changanya leo, acha siku moja au mbili, ndipo ushindilie. Ila nguvu yake huja taratibu, kwa wiki na miezi, na vumbi lake huunguza macho. Upepo wa Dodoma nao unaujua.

Saruji ni mbiombio. Ikishapata maji una kama saa mbili tu za kumaliza kushindilia. Greda ikigoma katikati, umeumia. Lakini kwenye kichanga na changarawe zisizo na mfinyanzi mwingi, chokaa haina cha kushikana nacho, saruji inashinda wazi. Na dukani haikosekani. Ikizidi kipimo, tabaka hupasuka.

Bei? Usilinganishe mfuko kwa mfuko. Linganisha asilimia ya kuchanganya na udongo utakayopewa na maabara, ukiongeza nauli. Mfinyanzi mkali unaohitaji nguvu nyingi, wengine hutanguliza chokaa, saruji ikafuata. Kwa kipande kifupi cha mtaani, kuchimba na kujaza kifusi kizuri huenda kukawa nafuu kuliko vyote viwili.