Soketi za neti za ukutani: za bei chee zilinitesa, za Cat6 nazikubali

Jamani mnaojenga, soketi za neti, zile za ukutani za kuchomeka waya wa intaneti, msinunue kwa macho tu. Mwaka jana nilichukua za bei chee kwenye duka moja Kariakoo, fundi akafunga nne, miezi mitatu tu ile ya sebuleni spidi ikaganda kwenye 100 Mbps wakati rauta inatoa 1000, kufungua nakuta waya wa kahawia umechomoka kwenye meno yake, vile vibanio vya chuma vinavyoushika, na gigabiti, yaani hiyo 1000, inataka waya zote 8 zishike, huo ukitoka unarudi 100. Iliniuma sana. Nikang'oa zote nikaweka za Cat6, daraja la soketi na kebo linalobeba gigabiti vizuri, za kugongea kwa panchi, kile kifaa cha kusukumia waya kwenye meno, meno yanabana waya mpaka unasikia tak, plagi ikiingia haichezi kabisa, na ubavuni zimechorwa rangi za A na B, yaani mipangilio miwili ya kupanga waya, sisi tulifuata B nyumba nzima maana ukichanganya inakula kwako. Bei imechangamka ila hela yangu siijutii. Kebo nayo iwe kopa tupu, ile ya aluminiamu iliyopakwa kopa ukiikunjakunja inakatika kirahisi. Halafu fundi apime kila soketi kwa testa ukiwa umesimama hapo hapo, ndo umlipe.