Daftari la mawasiliano la darasa la tano, nimerudi nilikotoka

Nianze kwa kukiri, mi ndo yule mwalimu aliyekuwa anawaambia wenzake daftari la mawasiliano, lile la mwalimu na mzazi kuandikiana kupitia mtoto, limepitwa na wakati. Miaka miwili nikahangaika na grupu la WhatsApp na programu moja ya kugawa pointi, mwaka huu nimerudi kwenye karatasi na nimelitumia muhula mzima na watoto 34.

Lenyewe ni A5, jalada gumu, kila wiki ina kurasa mbili zinazotazamana, kushoto mwanafunzi anaandika kazi ya nyumbani na siku ilivyokwenda, kulia sehemu ya mwalimu, ya mzazi na mstari wa sahihi. Ukurasa wa kwanza ni wa taratibu za darasa na wameuacha mtupu, hapo ndo waliponipata, maana mengine yanakuja na sheria lukuki zimeshachapwa, usifanye hiki usifanye kile, mtoto wa miaka 10 hata hazisomi. Sisi tulikaa tukabishana kipindi kizima tukabaki na nne, wakaandika wenyewe. Ya tatu inasema "mwenzako akiongea mdomo wako unapumzika", mi nisingeipata hiyo. Wakasaini, nikasaini, nyumbani wakasaini, na mzazi akiona mwandiko wa mwanae haniulizi tena sheria gani hizi mmetuletea.

Ila utamu wenyewe ni ule upande wa kushoto. Nina kijana mmoja alikuwa ananikatiza kila nikifungua mdomo, zamani ningemtumia mama yake meseji usiku nikiwa hoi, na meseji ya mwalimu aliye hoi mnaijua. Safari hii nikamwambia andika mwenyewe kilichotokea, mi nasaini chini. Akaandika "nimemkatiza mwalimu", akatafuna kalamu, akaongeza "mara tatu", akafikiria weee, akamalizia "ya tatu nilikuwa na jibu sahihi". Nikasaini huku nacheka. Kesho yake mama kajibu: "Tumeongea. Jibu lenyewe lilikuwa nini?" Yaani mtoto kajieleza, mama hajaja juu, mi sijaonekana mbaya.

Kitu kimoja tu, usianze na mashtaka. Wiki tatu za kwanza niliandika jambo zuri la kila mtoto, hata dogo, kwa sababu mzazi anayeletewa malalamiko tu anaacha kulifungua.

Sisemi grupu halina kazi. Tangazo la kesho tunafunga mapema linafaa kule, na tangu 2018 unaweza kuweka admini peke yao ndo waandike, kama bado hamjaweka wekeni leo, la sivyo ukituma ratiba ya mtihani unapata "asante mwalimu" 30 na swali la maana la mzazi mmoja linazikwa humo. Lakini alama za mtoto na tabia yake sio mambo ya kuanika mbele ya wazazi wa wenzake. Na zile tiki za bluu zisikudanganye, kusoma sio kuelewa. Pointi nazo zilinoga mwezi mmoja, wa pili ikawa biashara, mwalimu nikiokota hii karatasi unanipa ngapi? Kwa wadogo wa la kwanza labda, hawa wa la tano wanakupigia hesabu mpaka unachoka.

Haya, kasoro. Nafasi ya mzazi ni mistari miwili, mwenye la kusema anaishia kuandika pembeni mpaka juu. Kupitia madaftari 34 kwa siku hakuwezekani, mi nachukua safu moja kila siku, labda kuwe na jambo la haraka, na la haraka kweli napiga simu. Sahihi zinaghushiwa pia, mmoja kamsainia baba yake na kuongeza ujumbe, "baba" huyo ana makosa ya tahajia yaleyale ya kwenye insha ya mtoto. Na mzazi asiyefungua mkoba wa mwanae hutampata kwa daftari, huyo mtafute ana kwa ana.

Nyota nne kati ya tano. Toleo lijalo waongeze mistari ya mzazi na waimarishe gundi, maana la yule kijana wangu wa majibu sahihi limeshaachana na jalada, kalifunga kwa rababendi na bado analileta kila siku.