Kozi ya Dosari za Hoja kwa Watahiniwa wa LSAT: Inafundisha Vizuri, Lakini Inaishia Njiani

Tangu Agosti 2024, mtihani wa LSAT, unaotumika kuwachuja waombaji wa vyuo vya sheria nchini Marekani, hauna tena sehemu ya michezo ya mantiki. Sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama zinapima uchambuzi wa hoja, kila moja kwa dakika 35. Kozi ya mtandaoni ninayoitathmini hapa, inayoshughulikia maswali ya dosari za hoja peke yake, imelenga basi mahali penye faida.

Somo lake bora ni lile la sharti la lazima (ambalo bila hilo jambo haliwezi kutokea) na sharti toshelezi (ambalo likiwepo, jambo hutokea). Mwalimu anaanza na kauli nyepesi kwamba kila aliyefaulu alisoma kwa bidii, kisha anaonyesha jinsi mtoa hoja anavyoigeuza kimyakimya na kuhitimisha kwamba kila anayesoma kwa bidii atafaulu. Dosari hiyo hiyo anairudia katika hoja za tiba, biashara na historia, mpaka mwanafunzi alitambue umbo lake bila kujali mada. Katika matukio yanayoandamana, anamtaka mwanafunzi aulize kama chanzo na tokeo vinaweza kubadilishana nafasi, au kama lipo jambo la tatu linaloyazaa yote mawili. Sampuli isiyowakilisha kundi lote na hoja ya mzunguko, ile inayolitumia hitimisho lake kama ushahidi, zimepitiwa haraka, na sioni ubaya.

Tatizo ni kwamba kozi inachukulia kuwa anayeijua dosari kwa jina ameshapata jibu. Machaguo matano ya mtihani huandikwa kwa lugha ya jumla na kavu, na baadhi yake hueleza dosari halisi ambayo hoja husika haikuitenda kabisa. Yapo pia yanayosema kweli kuhusu hoja bila kugusa udhaifu wake: hoja yenye mfano mmoja tu, kwa mfano, haina kosa ikiwa inadai tu kwamba jambo fulani linawezekana. Mtahiniwa hana budi kupima kila chaguo mara mbili, kwanza kama hoja imefanya hivyo kweli, kisha kama hilo ndilo linaloiangusha. Zoezi la namna hiyo sikuliona popote, na maelezo ya majibu hutetea chaguo sahihi tu, yakiyaacha manne mengine bila neno.

Kwa anayeanza, ningeipendekeza bila kusita. Aliyekwisha kuzizoea dosari hizi afadhali atumie fedha zake kwenye mitihani iliyopita ambayo LSAC, shirika linaloandaa LSAT, huitoa lenyewe.