Tofali la kokopiti kwa mimea ya ndani: lioshe kwanza

Naishi ghorofa ya nne, Tudor, Mombasa. Udongo mwekundu nilishauchoka ndani ya nyumba: mzito, ukituamisha maji haukauki, na vijinzi vyeusi vinazaana humo mpaka vinaingia jikoni. Ndipo nikanunua tofali la kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi ulioshindiliwa, la gramu 650 kwenye kitalu kimoja hapa mjini, chini ya shilingi 500.

Kwa wepesi halina mpinzani. Ngazi zote nne nilizipanda nalo mkononi. Unalitia ndooni, unalimwagia lita nne za maji, na punde linaumuka likawa lita nane za unga wa hudhurungi usio na harufu.

Shida ni chumvi. Karatasi yake inadai limeoshwa, na muuzaji akanihakikishia, "Dada, hilo unapandia moja kwa moja." Thubutu! Mtu wa pwani anajua makumbi yanavyolainishwa kwa kazi ya kamba: hufukiwa ufuoni miezi mingi, maji chumvi yakipwa na kujaa juu yake. Hata yasiyofika baharini yana potasiamu na sodiamu yake ya asili. Nikaliosha, na maji ya kwanza yakatoka kama chai ya rangi, kipimo changu cha chumvi kikapanda vibaya. Nilitumia maji ya mvua, kwa sababu kisima cha mtaa wetu nacho ni cha chumvi. Kuoshea maji hayo ungekuwa unajisumbua bure. Kisha nikailoweka usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea ile inayouzwa maduka ya pembejeo, na asubuhi nikaisuuza tena. Kokopiti ina tabia ya kung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu. Usipoishibisha mapema, inanyang'anya mbolea utakayotia, na majani machanga yanajikunja.

Ikiwa peke yake, kwa hewa yetu ya unyevunyevu, siipendekezi. Juu inaonekana kavu, chini bado imelowa chepechepe. ZZ, mmea wa huku huku kwetu pwani, una viazi vya kuhifadhia maji chini. Ukiupanda kwenye kokopiti tupu, viazi vinaoza. Dawa yake ni pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa pande za Naivasha. Wauza maua wanayafunga kwenye mifuko midogo, lakini kwa mafundi wa ujenzi unapata gunia kwa bei ya kuelewana. Yachekeche, umwage vumbi. Kwa ZZ na sansevieria natia pumisi sehemu mbili kwa kokopiti moja. Pothos na monstera, mimea ya kutambaa, nusu kwa nusu.

Palaiti, vile vipunje vyeupe vyepesi vya mwamba wa volkano, nimeiacha. Ukimwagilia inaelea juu, na vumbi lake si la kuvuta puani. Leka, vile vigololi vya udongo wa kuchoma, ni vizuri kwenye chombo cha kioo, ila kujaza chungu kikubwa ni gharama.

Nalipatia tofali nyota tatu kati ya tano. Ya nne imeliwa na ile karatasi. Nitalinunua tena, na kalsiamu naitreti pembeni. Halafu kumbuka kokopiti haina chakula chochote cha maana: mimi natia mbolea ya maji hafifu kila wiki mbili, na mara mojamoja namwagilia maji matupu mpaka yatiririke chini ya chungu.